Siku Kumi na Tisa za Eshele

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kitenge, na daftari jipya lenye jalada gumu. Saa nimeitundika. Kitenge mke wangu alikichukua kabla sijamaliza kukitazama. Daftari ndilo hili, na mliniomba niandike humo mambo ya kazi, ili ninyi mnaobaki kituo cha kupima ziwa msianze kila kitu upya. Nimekaa nalo wiki tatu bila kuandika neno. Nilitaka kuanza na ziwa, lakini kila nikishika kalamu namwona Nabintu. Basi nianze na ukweli: miaka mingi ya kazi yangu niliitumia kupima maji asubuhi na kumwonea wivu mwanamke mmoja mchana.

Nilifika kituoni nimevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi. Papa Lwaboshi, fundi mkuu wa vipimo, alivitazama viatu kabla ya kunitazama mimi.

"Weye unakuja ku ofisi ao unakuja ku ziwa?" aliuliza.

Alinivulisha viatu, akaniongoza hadi mwisho wa gati, kwenye ubao mrefu wa chuma wenye namba, uliofungwa kwenye nguzo, nusu yake ikiwa majini. Hiyo ndiyo eshele, kipimo cha kimo cha ziwa, na ninyi mnaijua kwa sababu nimewasumbua nayo vya kutosha.

"Wimbi ikipanda, soma," alisema. "Ikishuka, soma. Mara tatu. Halafu unakamata katikati. Unaandika namba, na kando yake unaandika jina yako, ili kama umedanganya, tujue ni nani."

Kila siku, saa moja asubuhi. Nilimuuliza kuhusu Jumapili. Alinijibu kwamba Jumapili nayo ina asubuhi. Misa nyingi nilifika wakati padri ameshaanza kuhubiri, na hadi leo sijui vizuri masomo ya kwanza yanasema nini.

Chombo cha pili alichonifundisha kilikuwa sahani ya bati yenye rangi nyeupe na nyeusi. Unaishusha ziwani kwa kamba mpaka macho yaipoteze, kisha unapima kamba. Siku za kiangazi ilishuka mpaka kamba ikaribie kuisha. Siku za mvua, mto Kalimabenge ukishusha udongo wa milimani, ilipotea papo hapo, maji yakiwa kama chai ya maziwa. Hapo nilianza kuelewa, bila semina, kwamba ziwa haliishii ufukweni. Mtu akikata miti juu kule, samaki anapofuka macho huku chini. Nilijivunia sana ugunduzi huo. Sikumwambia mtu, nikawa nauandika kwenye ripoti ambazo sina hakika kama zilisomwa.

Nabintu alikuja miaka michache baadaye. Alikuwa mtoto wa wakulima wa Nyakabere, amesomea kilimo, na hakujua kuogelea. Siku ya kwanza tulipompeleka ziwani alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili na kusali Salamu Maria mpaka tuliporudi. Nilifurahi. Nilijisemea, huyu hatatuchosha. Furaha hiyo haikumaliza mwezi.

Alichofanya ni kukaa. Mimi kila siku nilipita pale wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwenye mchanga, begi begani, nikiwasalimu kwa kuinua mkono. Yeye alikaa nao. Walimletea kigoda. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniletea kigoda. Waliniita Papa Eshele, na nina hakika nusu yao walidhani ndilo jina nililobatizwa. Yeye walimwita kwa jina lake, walimuuliza habari za mama yake, walimfungia samaki kwenye jani. Ndani ya msimu mmoja alijua watoto wa samaki wanajificha wapi na wiki gani ndagala huwa na mayai. Mambo hayo mimi nilikuwa nayatafuta kwa kipimajoto. Yeye aliwauliza wanaopasua matumbo ya samaki kila siku.

Niseme wazi, iliniuma. Hayakuwa maumivu ya heshima, yale mtu anayoweza kumweleza padri. Nilihesabu samaki aliopewa.

Kisha wakaja wageni wa semina na neno refu la kusimamia ziwa kwa kuutazama mfumo wote wa uhai kwa pamoja: maji, mlima, mto, matete, samaki na watu. Mimi niliandika muhtasari wa kurasa kumi na moja. Nabintu akaenda kwa wanawake wa ndagala, akawaambia: "Mutoto ya samaki iko na nyumba, ni mu matete. Mukikata matete, mumevunja nyumba. Mukilima mulima bila kuacha miti, mumetupa udongo mu nyumba. Sasa mukikosa samaki, musitafute mulozi aliyewaroga." Jioni maneno hayo yalikuwa yameshafika hadi sokoni. Kurasa zangu kumi na moja zilikuwa zimefika hadi kwenye droo ya mkuu wa kituo.

Papa Lwaboshi alipostaafu aligawa vitu vyake. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake wa kwanza, na kwa miaka yote nilikuwa naitupia macho ile darubini yake ya shingoni. Alimpa Nabintu. Mimi alinipa mwavuli. Ulikuwa mwavuli mzuri, sikatai, na siku za mvua ulinikinga vizuri nikiwa nasoma eshele. Lakini kila nilipoufungua nilikumbuka darubini.

Mtanisamehe nikikaa hapo kidogo, kwa sababu kinachofuata kinatoka hapo.

Kamati ya ufuo ilikubali kwamba matete ya kaskazini, karibu na mdomo wa mto, yaachwe. Pasiingie nyavu za kukokota, zile zinazovutwa na watu wakisimama mchangani, wala vyandarua. Kuweka alama za mpaka ilikuwa kazi yangu. Nilichimbia fito za chuma zilizopakwa rangi nyekundu, nikazipima kwa kamba, nikazichora kwenye ramani. Hazikumaliza wiki mbili. Moja niliikuta kwa muuza mishikaki karibu na soko, imekatwa vipande, inageuza nyama. Nilikula pale bila kuuliza swali.

Wakati huohuo malaria ilinilaza, mbaya kweli, siku kumi na tisa. Ule ulikuwa mwaka wa kupunguza watu kazini, na pale kitandani nilichowaza si homa, nilikuwa nawaza kurasa tupu za daftari la eshele. Niliporudi nilikuta hakuna ukurasa mtupu. Kila siku ina namba yake, na namba zinafuatana vizuri, na kando ya kila namba limeandikwa jina langu. Nilijua ni Kashindi, mlinzi wetu, kwa sababu ndiye aliyekuwa pale saa moja asubuhi. Nilimnunulia bia. Aliipokea kwa mikono miwili huku akitazama pembeni, nikadhani ni aibu ya mtu mwema.

Turudi kwenye mpaka. Baada ya fito zangu kuliwa, Nabintu alikaa kwenye kigoda chake na kuwauliza wanawake swali moja: "Batu ya hapa, ni mupaka gani banaheshimia?"

Mama Zawadi, mkubwa wa waanika ndagala, alijibu bila kuinua kichwa: "Miyenzi."

Ninyi wa bondeni mnaijua miyenzi, ule mti usio na majani, wenye vijiti vya kijani na utomvu mweupe. Mashamba ya bonde la Ruzizi yanatenganishwa kwa ua wa miyenzi. Ndugu wawili wanaweza kukaa miaka kumi bila kusalimiana, lakini hakuna atakayevuka miyenzi iliyopandwa na babu yao. Na wavuta nyavu wengi ni wakulima wanaoteremka ziwani shamba likipumzika. Ukipanda miyenzi mchangani, pale wanaposimama kuvuta, hawatahitaji maelezo. Lilikuwa wazo zuri kiasi kwamba lilinikosesha hamu ya chakula cha mchana.

Siku ya kupanda, vipandikizi vilikuja kwa baiskeli kutoka Nyakabere. Wanawake waliimba. Nabintu alitandika kamba kwenye mchanga, kisha akanijia mahali nilipokuwa nimesimama.

"Papa Safari," aliniita kwa jina langu, "mwaka hii maji itafika fasi gani, mpaka wapi?"

Daftari la eshele lilikuwa ndani ya begi langu. Miezi minne mfululizo ziwa lilikuwa limekataa kushuka. Kiangazi chote lilipaswa kurudi nyuma, na halikurudi. Nilijua kwamba mvua zikianza, mahali alipotandika kamba pataingia maji. Hakuna mwingine aliyejua kama mimi. Ningeweza kusema kwa sentensi moja.

"Ni weye unajua batu ya hapa, Mama," nilimjibu. "Fuata kamba yako."

Alinitazama kidogo, akasema aksanti, akaenda kupanda.

Ua ulishika. Wavuta nyavu walifika, wakaiona miyenzi, wakageuka. Baada ya muda maji ya kati ya matete yalijaa watoto wa samaki wengi kiasi kwamba ukitupa kivuli yalichemka. Wageni walikuja kupiga picha. Kwenye picha iliyotundikwa kituoni yupo Nabintu, wapo wanawake, na upo mkono wangu wa kushoto.

Kisha mvua zikaja na ziwa likapanda, mnakumbuka wenyewe, lilivyoingia kwenye viwanja vya watu na kumeza barabara ya chini. Miyenzi ikasimama ndani ya maji, kwanza hadi gotini, baadaye hadi kiunoni. Mitumbwi ikaanza kupita pale palipokuwa mchanga, ikivunja matawi. Utomvu wa miyenzi si wa mchezo. Ukiingia jichoni unaweza kukupofusha, na wazee wetu waliutumia kulevya samaki kwenye mabwawa. Kati ya matete maji hayatembei. Utomvu ukabaki humo, na asubuhi moja wanawake walikuta watoto wa samaki wanaelea, matumbo juu, kuanzia tete la kwanza hadi la mwisho.

Habari ilikimbia kuliko pikipiki. Bahati, kiongozi wa wavuta nyavu, alisimama sokoni akasema: "Ule mwanamuke ametuletea sumu mu ziwa. Batoe miti yake, bafungue matete, na yeye aende." Mkuu wetu aliitisha mkutano wa ufuo kwa kesho yake. Alituambia waziwazi kwamba watu wakimkataa Nabintu, atamhamisha, na matete yatafunguliwa, kwa sababu hakuna mwingine watakayemsikiliza.

Nilipokea habari hiyo kwa furaha. Naiandika ili mjue mtu anaweza kufika wapi. Furaha hiyo ilidumu njia nzima mpaka matete, nilikokwenda na ndoo kuchukua sampuli ya maji.

Nilimkuta Nabintu humo peke yake. Yeye asiyejua kuogelea alikuwa amefunga kitenge juu, maji yakimfika mapajani, anakusanya matawi yaliyovunjika mojamoja na kuyatupa nchi kavu. Macho yalikuwa mekundu, yanatiririka, amevimba uso. Hakunisikia. Nilisimama ufukweni na ndoo yangu, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu ananijua, lilikuwa wivu: hata mimi ninayejua kuogelea nisingeingia. La pili lilinijia polepole zaidi, nalo sikuweza kulirudisha: kama ningesema siku ya kamba, asingekuwa humo. Niliweka ndoo chini, nikavua viatu, nikaingia.

Tulitoa matawi mpaka adhuhuri.

Kesho yake mkutano ulijaa. Bahati alisema yake, watu wakapiga makofi. Mkuu alimgeukia Nabintu, naye alikuwa anashindwa hata kufungua jicho la kulia. Kabla hajasema nilisimama na daftari la eshele. Nikasoma namba, mwezi baada ya mwezi, zote zikipanda. Watu walikuwa hawaelewi ninakokwenda.

"Siku ya kupanda aliniuliza maji itafika wapi," nikasema. "Hizi namba zilikuwa mu begi yangu. Minye nilijua. Sikumuambia."

Bahati akauliza sababu: "Juu ya nini?"

"Juu ya wivu."

Mama Zawadi akaangua kicheko. "Wivu? Iko muke yako?" Ufuo mzima ukacheka, na mimi nilisimama pale jua la saa nne likinichoma, nikitamani wangenipiga tu. Kicheko kilipoisha, hasira nayo ilikuwa imepungua. Nabintu aliinuka. Nilingoja aniseme, na nilistahili.

"Papa Safari," akasema, "sasa maji itafika fasi gani?"

Swali lilelile. Nilitembea kutoka ukingoni, nikapita mitumbwi, nikapita vichanja vya ndagala, mpaka chini ya ukuta wa barabara ya juu. "Mpaka hapa," nikasema. Bahati mwenyewe alichora mstari kwa kisigino. Wiki hiyo watu waliing'oa miyenzi ya majini kwa uangalifu, vitambaa machoni, wakapanda mingine juu kwenye mstari, na ndani ya maji wakachomeka mianzi. Matete hayakufunguliwa. Nabintu hakuhamishwa.

Mnadhani nilipona? Kutoka siku ile ufuo wote ulisimulia jinsi Mama Nabintu alivyo na moyo mkubwa, alivyomsamehe Papa Eshele mbele za watu bila neno moja baya. Bahati alisema hajawahi kuona mtu kama yule. Kosa lilikuwa langu, kuungama kuliniaibisha mimi, na sifa akapewa yeye. Kigoda chake kikabadilishwa, akaletewa kiti chenye mgongo.

Tulifanya kazi pamoja hivyo miaka iliyobaki. Kila mpaka ulipopimwa aliniuliza maji, nami nilimjibu. Wivu niliuweka mfukoni, ila sikuwahi kuutupa.

Sasa niwaambie la siku ya kuniaga, mlilokuwa hamlijui. Mlipokuwa mnagawa soda, Kashindi alinivuta pembeni.

"Patron," alisema, "ile bia ulinipatia zamani, wakati wa malaria yako. Haikukuwa yangu. Minye sijui hata kusoma ile chuma. Ni Mama Nabintu alikuwa anakuja kila asubuhi kuisoma. Alinikataza kusema."

Kesho yake nilikwenda kwa Nabintu, mtaa wa Kilibula. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Alinipa kigoda, cha kwanza maishani mwangu, na sikuweza kukikalia vizuri.

"Nani alikufundisha kusoma eshele?" nilimuuliza.

"Papa Lwaboshi."

Hata hilo, jamani. Nikauliza: "Na juu ya nini uliandika jina yangu?"

"Walikuwa banapunguza batu. Wangeona fasi ya wazi mu daftari, wangekuandika hauko."

Nilitazama maharage. Kisha nikauliza lile lililonileta. "Sasa siku ya miyenzi, ulijua kusoma. Eshele iko pale. Mbona haukuenda kuangalia weye mwenyewe?"

Alipuliza makapi. "Ile iko kazi yako, Papa Safari. Ningeenda kuchungulia nyuma ya mugongo yako, ni kusema sikuamini." Akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya chumvi: "Na minye nilikuamini."

Nilikaa mpaka maharage yakaisha.

Basi, wadogo zangu, haya ndiyo ya kazi. Someni mara tatu, chukueni katikati. Sahani ya bati ioshwe, rangi ikitoka ipakwe upya. Miyenzi ipandwe juu ya mstari wa Bahati, kamwe isipandwe chini yake. Mtu akikuuliza unachokijua, mwambie, hata kama amekalia kiti kizuri kuliko chako.

Na mkifungua daftari la kale la eshele, mwaka wa kupunguza watu, mtakuta nimefuta na kuandika upya. Niliomba ruhusa kwa mkuu, nikakaa nalo asubuhi nzima, kalamu nyekundu mkononi. Siku baada ya siku nilikata jina langu na kuandika la Nabintu. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Zipo siku kumi na tisa. Nimezibadilisha kumi na nane. Ya mwisho ule wivu wa mfukoni uliushika mkono, nikalifunga daftari. Hiyo mtaniandikia ninyi.